Akiziba Mlango, Mwache

Ujumbe ninaotumiwa na wafugaji wenzangu wa buibui huwa unafanana. Salamu kwanza, habari za kazi, habari za baridi, halafu picha ya boksi la plastiki lililojaa udongo. Pembeni, pale palipokuwa na tundu, sasa pamezibwa kwa udongo mbichi uliofungamana na utando. "Kaka, tangu mwezi uliopita hajatoka. Hali, hanywi, wala simuoni. Nimfukue nijue kama yuko hai?"

Usimfukue. Hilo ndilo jibu langu, na nalitoa kabla sijauliza ni buibui wa aina gani, ana ukubwa gani, au alikula lini mara ya mwisho. Tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, akiziba mlango wake hajapotea wala hajajizika. Mara nyingi anajiandaa kujivua gamba, na kwa kazi hiyo hakuna mahali salama zaidi ya pale alipo. Wajibu wa mfugaji unapaswa kuwa umetimia kabla tonge la mwisho la udongo halijawekwa mlangoni. Baada ya hapo, mikono yetu inaweza kumdhuru tu.

Nimeona niliandike hili kwa kirefu, na kwa Kiswahili, kwa sababu sisi wachache tunaofuga tarantula huku Ulaya tumejifunzia kwa Kijerumani na Kiingereza, ilhali baadhi ya buibui tunaowafuga asili yao ni nyika na milima ya kwetu.

Ninayempenda kuliko wote kwenye rafu yangu ni Pelinobius muticus. Kwao ni Kenya na Tanzania. Mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Karsch alimwandika kisayansi mwaka 1885. Mwaka 1900 Mwingereza Pocock akamwandika kwa jina jingine, Citharischius crawshayi, na majina hayo mawili yakaishi sambamba hadi mwaka 2010 ilipokubalika kwamba buibui ni yule yule. Wafugaji wa huku humwita mfalme wa buibui-nyani, jina wanalowaita tarantula wa Afrika. Jike aliyekomaa, akitandaza miguu, anaweza kufikia sentimita 20. Rangi yake ni ya kutu. Miguu yake ya nyuma ni minene, imepinda, imejaa manyoya, na ndiyo inayomsaidia kusukuma udongo, maana huyu ni mchimbaji hasa. Maisha yake yote ni shimo.

Tarantula wengi wa Amerika wana vinyoya tumboni ambavyo huvipangusa kwa miguu ya nyuma na kumrushia adui, navyo huwasha kama upupu. Wa Afrika hawana silaha hiyo. Pelinobius anategemea mambo matatu: sauti ya kukwaruza anayoitoa kwa kusuguanisha vinywele vya miguu ya mbele, sauti ambayo ukiisikia mara ya kwanza unarudi nyuma bila kuambiwa, chonge zake, yaani meno yake ya sumu, ambayo maumivu yake si ya kujaribiwa, na shimo. Ukimwondoa shimoni, amebakiwa na hasira peke yake.

Nilimpata Hamm, mji wa magharibi mwa Ujerumani ambako mara nne kwa mwaka hufanyika soko kubwa la watambaazi na buibui, watu wakimiminika kutoka Ulaya nzima. Alikuwa mtoto mdogo wa buibui, kazaliwa huku huku kwa mfugaji, ndani ya kikopo chenye kifuniko kilichotobolewa kwa sindano. Meza ya jirani ilikuwa na vikopo vya tarantula mwingine wa Afrika, Pterinochilus murinus wa rangi ya chungwa, na kila kikopo kimeandikwa "Usambara". Mimi ni mtu wa Lushoto. Nilisimama pale kitambo, nikisoma jina la milima ya kwetu kwenye lebo za bei, watu wakinipita kushoto na kulia.

Hili la kuzaliwa huku nalisema kwa makusudi. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Mei 2025 mahakama moja jijini Nairobi iliwatoza watu wanne, wakiwamo vijana wawili wa Kibelgiji, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na malkia wa sisimizi waliofungwa kwenye vijichupa tayari kwa soko la wafugaji. Wadudu na buibui nao wana kwao, na wanaibiwa. Pelinobius hukua polepole mno, jike huchukua miaka kukomaa, kwa hiyo jike mmoja akichimbuliwa porini pengo lake halizibiki msimu unaofuata. Kama huwezi kupata aliyezaliwa kwa mfugaji, basi usimfuge.

Sasa tushuke shimoni.

Buibui hana mifupa. Kinachoushikilia mwili wake ni gamba la nje, na gamba la miguu na la sehemu ya mbele ya mwili halitanuki. Tumbo pekee ndilo hulegea na kuvimba akishiba. Kwa hiyo hawezi kukua kidogo kidogo kila siku. Anakua kwa kuliacha gamba lote kwa mkupuo na kutoka na jingine kubwa zaidi, ambalo lilikuwa limeshatengenezwa chini ya lile la zamani, limekunjamana, laini, likisubiri nafasi.

Maandalizi hayo huanza muda mrefu kabla hujaona chochote. Ngozi hai hujitenga na gamba kuukuu, hutandaza gamba jipya chini yake, na hutoa majimaji yanayomeng'enya tabaka za ndani za gamba la zamani ili vilivyomo virudi mwilini. Kwa nje unachokiona ni buibui aliyekataa chakula. Tumbo limejaa na kung'aa, rangi imefifia, mwendo mzito. Kwa tarantula wa Amerika waliopangusa vinyoya vya tumboni, ile sehemu yenye upara hugeuka nyeusi kwa sababu vinyoya vipya vinaonekana chini ya ngozi. Kwa Pelinobius mara nyingi huoni hata hayo. Unaona mlango umefungwa tu.

Siku ikifika, hutandika utando chini na kulala chali, au kwa ubavu. Moyo wake husukuma damu kutoka tumboni kwenda mbele. Tumbo linanywea, shinikizo linapanda, na ngao ya juu ya kichwa na kifua inapasuka pembeni na kufunguka kama kifuniko. Kisha huanza kuvuta. Anavuta chonge, anavuta mikono midogo ya mbele, anavuta miguu yote minane kutoka kwenye mirija yake, kidogo kidogo, akisukuma na kupumzika, akisukuma na kupumzika. Buibui mchanga anaweza kumaliza kabla chai haijapoa. Mkubwa huchukua saa kadhaa.

Wengi hudhani anayatoa magamba ya nje tu. Hapana. Anatoa pia bitana ya koo na ya tumbo lake la kufyonzea, anatoa bitana ya mapafu, anatoa magamba ya chonge. Jike hutoa hata bitana ya vifuko anamohifadhi mbegu za dume, ndiyo maana jike aliyepandwa kisha akajivua gamba kabla ya kutaga huwa amezipoteza mbegu zote na itabidi akutanishwe na dume upya. Kwa saa hizo hana cha kumng'ata adui, hana cha kukimbilia, na hata ngozi yake inaweza kuchanwa na mguu wa mdudu mdogo. Nikilifikiria hili, sioni ajabu tena kwamba anaziba mlango miezi kabla. Ajabu kwangu ni kwamba kuna spishi zinazojivua gamba juu ya ardhi.

Damu yenyewe ndiyo mashine ya kazi hii. Katika viungo viwili vikubwa vya kila mguu buibui ana misuli ya kukunja lakini hana ya kunyoosha. Kunyoosha hufanywa kwa shinikizo la damu. Ndiyo maana buibui aliyekufa hukunja miguu chini ya mwili, na ndiyo maana aliyekaukiwa maji hukwama katikati ya kujivua. Ukikumbuka hili moja, maswali mengi ya ufugaji yanajijibu: maji kwanza, chakula baadaye.

Shimo humpa nini, basi? Humpa unyevu usiobadilika. Juu kunaweza kuwa na jua la mchana na upepo wa usiku, lakini chini kabisa hewa imetulia, udongo ni mbichi, na gamba jipya halikauki kabla ya kutanuka. Humpa giza na ukimya. Vinywele vyake vya miguuni husikia hata mtikisiko wa hewa, na shimoni mitikisiko ni michache. Na humficha. Porini nyegere hufukua buibui, siafu hupita kila tundu, na kuna nyigu wanaowinda buibui tu, humchoma jike wakamwacha amepooza, kisha humtagia yai mwilini ili mtoto wa nyigu apate kumla akiwa hai.

Kisa cha buibui wa Australia Magharibi aliyeitwa Nambari 16 kinanirudia kila ninapozungumzia mashimo. Hakuwa tarantula, alikuwa Gaius villosus, buibui wa mlango wa kufunika, ndugu wa mbali wa tarantula katika kundi lile lile la buibui wakubwa wa kale. Mtafiti Barbara York Main alianza kuwafuatilia buibui wa eneo hilo mwaka 1974, akaweka alama kwenye kila shimo. Nambari 16 aliishi kwenye shimo lake lile lile, akijivulia gamba humo humo, ukame na mvua vikija na kupita, hadi mwaka 2016 alipokutwa hayupo tena. Alikuwa na miaka 43, umri mkubwa kuliko wa buibui yeyote aliyewahi kurekodiwa kufikia hapo. Kifuniko cha shimo lake kilikuwa kimetobolewa na nyigu. Miaka yote hiyo mlango ulimlinda, na siku mlango ulipotobolewa ndiyo ikawa mwisho.

Mama yangu, ambaye bado anashangaa mwanawe kulipa pesa kwa ajili ya buibui, hili la mlango halimshangazi hata kidogo. Nyumbani kwetu buibui hauawi. Bibi alitufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba buibui ndiye aliyetanda utando kwenye mdomo wa pango la Thawr wakati Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr walipokuwa ndani, na waliowafukuza wakatazama, wakaona utando mzima, wakaenda zao. Nilipomweleza mama kwenye simu kwamba huyu wangu amejifungia na sijui atatoka lini, alinijibu, "Sasa wewe unataka kumfungulia ili iweje, mwanangu? Si amefunga mwenyewe?"

Turudi kwenye boksi, kwa sababu huko ndiko mambo huharibikia au hutengenezekea.

La kwanza ni kina cha udongo. Naona watu wanamweka mchimbaji kwenye boksi zuri la kioo, lenye miti ya plastiki na fuvu la mapambo, na udongo wa vidole vitatu. Huyo hana pa kwenda. Pelinobius mkubwa anataka sentimita 30 na zaidi za udongo, na juu ya udongo nafasi kidogo tu, kwa sababu tarantula mzito akipanda kioo na kuanguka anaweza kupasuka tumbo. Boksi refu lililojaa udongo karibu robo tatu halipendezi kulitazama. Lakini hakununuliwa kupendezesha sebule.

La pili ni aina ya udongo. Madukani huku wanauza makumbi yaliyosagwa na kushindiliwa kuwa matofali. Unayaloweka, yanavimba, yanakuwa laini. Mtoto wa pwani anayajua makumbi: ndiyo yale wanayoyafukia kina mama kwenye mchanga wa bahari, wakayapiga na kuyasokota kamba. Kwa kamba ni bora. Kwa shimo, yakiwa peke yake, yakikauka hayashikamani na kuta hubomoka. Mimi huchanganya udongo wa kawaida wa bustani usio na mbolea wala dawa, mfinyanzi kiasi, mchanga kidogo, na makumbi kwa ajili ya kutunza unyevu. Kipimo changu ni mkono: nauminya mchanganyiko kwenye kiganja, nikifungua unabaki umeshikana na alama za vidole zinaonekana, lakini halidondoki hata tone la maji. Kisha naushindilia tabaka kwa tabaka kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayetengeneza sakafu ya nyumba ya udongo. Udongo uliomwagwa tu bila kushindiliwa ndio unaoporomoka.

Hofu ya shimo kuporomoka ndiyo inayowasukuma wengi kufukua, kwa hiyo niiseme wazi. Buibui anayechimba hajengi ovyo. Kila tonge la udongo analoling'oa hulibeba kwa chonge na mikono ya mbele hadi nje; nimekaa usiku na taa nyekundu nikimtazama wangu akitoka kinyumenyume na tonge lake, akilitua, akaligusagusa kulibana, kisha akarudi chini kuchukua jingine. Kuta huzikandamiza kwa mwili na kuzipaka utando. Shimo la namna hiyo, kwenye udongo ulioshindiliwa na wenye unyevu, haliporomoki lenyewe. Linaporomoshwa: kwa jiwe zito lililowekwa juu ya udongo badala ya kukaa kwenye sakafu ya boksi, kwa boksi kubebwa kutoka chumba hadi chumba, kwa udongo kuachwa ukauke hadi chini. Na kwa vidole vya mfugaji mwenye wasiwasi.

La tatu, maji. Bakuli la maji liwe juu wakati wote, hata akiwa amejifungia. Lakini maji ya bakuli hayafiki shimoni, kwa hiyo mara moja moja namimina maji polepole kwenye kona moja ya boksi, mbali na mlango, yashuke hadi tabaka ya chini. Juu pakikauka si tatizo. Chini ndiko kunakotakiwa ubichi. Majira ya baridi huku Ujerumani radieta, vile vyombo vya kupashia nyumba joto, hukausha hewa ya ndani mno, na hapo ndipo huwa mwangalifu zaidi. Kunyunyizia maji juu juu kila siku, kama wengi wafanyavyo, hulowesha uso wa udongo na kualika ukungu na utitiri, huku shimo lenyewe likibaki kavu. Na zulia la joto chini ya boksi ni hatari kabisa. Buibui wa shimoni akisikia joto hukimbilia chini, maana porini chini ndiko kwenye ubaridi. Ukiweka joto chini umemfungia njia ya kujiokoa. Joto la kawaida la chumba linamtosha.

La nne ndilo linaloua bila mtu kufahamu: chakula kilichobaki. Nyenje tuliyemtupia buibui anaonekana hana madhara, lakini nyenje akiwa na njaa hutafuna chochote chenye unyevu, na buibui aliyejivua gamba saa ile ni laini na mbichi. Mende na mabuu nao hujichimbia na kuibukia humo humo shimoni. Kwa hiyo asipokula mlo wake kufikia asubuhi, mtoe mdudu huyo. Kama amekataa mara mbili tatu mfululizo, acha kumpa. Mlango ukizibwa na kuna nyenje hai ndani ya boksi, mtafute mpaka umpate, lakini juu ya udongo tu.

Haya yakishafanyika, kinachobaki ni kungoja. Najua ilivyo ngumu. Unapita mbele ya rafu asubuhi, unainama, hakuna kitu. Wakati mwingine amechimba akagusa ukuta wa boksi, unaweza kumulika kidogo na kuona unyoya au ncha ya mguu. Mara nyingi huoni chochote. Wiki zinageuka miezi. Kwa mtoto wa buibui kufunga huko ni kwa muda mfupi, lakini kwa mkubwa miezi mingi si jambo la kutisha. Tarantula wa Chile, Grammostola rosea, anajulikana kwa kukaa hata zaidi ya mwaka bila kula na kutoka akiwa mzima kabisa. Mwili wake hautumii nguvu nyingi kama wetu. Akiwa ametulia gizani na tumbo limejaa, akiba inamtosha.

Na ikitokea umemwona kupitia ukutani, kumbuka mkao. Aliyelala chali anafanya kazi. Usigonge kioo, usimpulizie, usimgeuze. Kila mwaka kuna buibui hai wanaotupwa kwa sababu mtu alimkuta chali akadhani amekufa. Aliyekufa au anayekufa kwa kawaida huwa hajalala chali, bali miguu imekunjwa chini ya mwili.

Yapo yanayoharibika hata ukitimiza yote. Buibui mzee, au aliyeumia zamani, anaweza kunasa mguu kwenye gamba kuukuu. Kuna kijana mmoja niliyezungumza naye, mfugaji mwenye moyo mzuri sana, aliyemchimbua wake kwa hofu na kumkuta katikati ya kazi; akajaribu kusaidia kwa koleo. Ngozi mbichi ilichanika, na ikawa basi. Naamini yule buibui angeweza kuokoka na mguu mmoja pungufu, kwa sababu tarantula ana uwezo wa kuukata mguu ulionasa mwenyewe, na mguu huo huota tena, mwembamba kwanza, kisha mnene zaidi kila anapojivua gamba. Maumbile yamempa njia ya kupoteza mguu. Hayakumpa njia ya kustahimili koleo.

Halafu siku moja mlango unafunguka, naye ndiye anayeufungua. Mara nyingi ishara ya kwanza ni gamba lenyewe: limesukumwa hadi mdomoni mwa shimo, limefinyangwa kama kitambaa kilichotupwa. Hapo furaha huwa kubwa, na kosa la pili husubiri, maana mkono unakimbilia nyenje. Chonge zake zikitoka kwenye gamba ni nyeupe na laini. Hugeuka nyekundu, kisha nyeusi, na zikiwa nyeusi ndipo zimekomaa kung'ata. Kwa mtoto wa buibui huchukua siku chache hadi wiki. Kwa mkubwa mimi husubiri wiki mbili au zaidi tangu mlango kufunguka, kwa kuwa sijui alijivua lini huko chini. Maji anaruhusiwa tangu siku ya kwanza. Mlo wa kwanza uwe mdudu mdogo, asiyeweza kupigana.

Gamba usilitupe. Lichukue kwa kibano kirefu, buibui akiwa chini na wewe ukiwa mbali na mdomo wa shimo. Liloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo hadi lilainike, kisha ulikunjue taratibu kwa brashi ndogo ya rangi. Sehemu ya mbele itakuja nzima, miguu yote, chonge zote, hata lenzi za macho. Sehemu ya tumbo ni nyembamba na hujikunja. Ndiyo inayohitaji subira. Ukiitandaza upande wa ndani ukakutazama, utaona mabaka manne meupe, ndiyo bitana za mapafu. Kati ya yale mawili ya mbele kuna mstari. Kama hapo pamejitokeza kijikunjo kigumu au vijifuko vidogo, una jike. Kama ni mstari mtupu, huenda ni dume, ingawa kwa buibui mdogo ni vizuri kungoja gamba linalofuata kabla ya kuamua. Tofauti hii ni kubwa katika maisha yao: dume hujivua mara ya mwisho anapokomaa, hutoka na ncha za mikono zilizobadilika, huacha shimo kwenda kutafuta jike, na haishi muda mrefu baada ya hapo. Jike huendelea kujivua gamba maisha yake yote, na anaweza kukaa nawe miaka 20 na zaidi.

Wangu ni jike. Nililikunjua gamba lake juu ya meza ya jikoni, nikaona vile vijifuko kwa lenzi ya kukuzia, nikampigia mama. Alicheka, akauliza kama sasa ataolewa. Boksi lake jipya lina kina cha sentimita 40 za udongo, nimeshalishindilia na kulimiminia maji konani, na nimelianzishia tundu la kina cha kidole ili ajue pa kuanzia. Litakaa tupu kwa sasa. Kumhamisha kabla chonge hazijawa nyeusi na kabla hajala mara kadhaa ni kumsumbua bure, na la zamani bado linamtosha.